Paka, Pumu na Hewa ya Nyumbani

Katika nyumba nyingi za Buzuruga, kama ilivyo katika mitaa mingine ya Mwanza, paka si pambo la nyumba. Amewekwa awafukuze panya, na watoto humpenda hata wakalala naye kitanda kimoja. Katika nyumba moja tuliyoizuru tulimkuta mtoto wa miaka saba ambaye kila usiku hupiga chafya, macho humwasha na kifua humbana. Daktari amekwisha kuwaambia wazazi kuwa mtoto ana pumu na kwamba mwili wake hauchukuani na paka. Hali hii huitwa mzio, na wengine husema aleji. Baba alitaka paka atiwe guniani akatupwe mbali. Mama alitaka akiba yao inunue mashine ya kusafisha hewa. Wakatuuliza lipi lililo bora, nasi tumeona vema kulijibu hapa kwa faida ya wote.

Kwanza, yatupasa tutenganishe najisi na madhara. Imepokewa kwamba sahaba Abu Qatada alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu apate kunywa. Mke wa mwanawe alipomtazama kwa mshangao, alimweleza kuwa Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba paka si najisi, bali ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani. Lakini kilicho tohara chaweza kumdhuru mtu mmoja kisimdhuru mwingine. Samaki ni halali kwa wote, na hata hivyo wako ambao wakimla huvimba mwili. Basi asemaye kuwa paka ni tohara na kwa hiyo hawezi kumdhuru mtoto amekosea. Naye asemaye kuwa paka ni najisi kwa sababu mtoto anaumwa amekosea vilevile.

Pili, wengi hudhani kuwa adui ni manyoya. Sivyo. Kinachodhuru ni protini iliyomo katika mate ya paka na katika tezi za ngozi yake. Paka anapojiramba, mate hukauka juu ya manyoya, kisha hubanduka pamoja na vigamba vya ngozi vidogo mno. Vigamba hivyo huelea hewani kwa saa nyingi, hushika kwenye magodoro, mapazia na nguo, na hata paka akiondolewa leo, mabaki yake yaweza kukaa nyumbani kwa miezi kadhaa. Ndiyo sababu wako waliomfukuza paka, na mtoto akaendelea kupiga chafya.

Sasa tuitazame mashine. Ndani yake mna feni inayovuta hewa na kuipitisha katika chujio. Chujio lililo bora huitwa HEPA, na asili yake ni kazi ya Wamarekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, walipotafuta njia ya kuzuia vumbi la sumu ya nyuklia. Kwa kipimo chao, katika kila chembe 10,000 zenye upana wa mikroni 0.3, yaani pungufu ya nusu ya elfu moja ya milimita, chujio lapaswa kuzuia 9,997.

Anayenunua na aangalie haya:

1. Liwe HEPA halisi. Maneno “mfano wa HEPA” juu ya boksi hayaahidi kitu.

2. Nguvu yake ilingane na chumba. Chumba cha mita 3 kwa 4, chenye kimo cha mita 2.7, kina hewa ya mita za ujazo 32 hivi. Ili isafishwe mara tano kwa saa, mashine iweze kusafisha mita za ujazo 160 kwa saa.

3. Isiwe ya kutoa ozoni, kwani hewa hiyo huwadhuru wenye pumu.

4. Umeme wetu ni volti 230. Mashine iliyoletwa na ndugu kutoka Muscat itafaa. Iliyotengenezwa kwa volti 120 za Marekani yaweza kuungua. Mashine ya wati 50 ikifanya kazi saa nane kila usiku hutumia uniti 12 kwa mwezi.

5. Chujio hubadilishwa, aghalabu kila miezi 6 hadi 12, na penye vumbi huwahi zaidi. Uliza kwanza kama la akiba lapatikana, na kwa bei gani.

Lakini mashine hii hufaa katika chumba kilichofungwa tu. Madirisha yetu mengi ni ya wavu, hewa ya nje huingia bila kukoma, na feni haiwezi kuyatoa yaliyokwisha kuzama godoroni. Tena tunaonya: mtu asifunge madirisha huku jiko la mkaa likiwaka ndani, kwani moshi wake una sumu isiyoonekana, iuayo watu usingizini, wala chujio la HEPA haliizuii.

Kwa hiyo tuliwaambia wazazi wale waanze na yasiyo na gharama kubwa. Paka asiingie kabisa chumba cha mtoto. Atandikiwe barazani au stoo. Zulia liondolewe, godoro livishwe kifuniko kizito, shuka zifuliwe kwa maji ya moto kila wiki, na sakafu ipigwe deki badala ya kufagiwa kavu. Mtoto anawe mikono baada ya kumshika paka. Juu ya yote, dawa aliyoandikiwa isikatizwe. Na usiku akishindwa kusema kwa kubanwa pumzi, akimbizwe hospitali, iwe Sekou Toure au Bugando, wala wasingoje asubuhi. Wakiyafanya haya na akiba ikabaki, mashine ni msaidizi mwema.

Na ikiwa mtoto bado anaumwa, paka apewe jirani atakayemtunza. Sote twajua habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula wala kumwachia ajitafutie. Gunia si njia ya Mwislamu. Mtoto ni amana, na kiumbe kile nacho ni amana. Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuzitunza zote mbili. Amin.