Ukubwa wa tetemeko si bei ya hasara

*Namba za ardhi na za jua sasa zinahamisha fedha katika masoko ya dunia. Anayezisoma vibaya hulipia kosa hilo.*

WAFANYABIASHARA walioamka asubuhi ya tarehe 30 Julai 2025 walikuta habari moja imezitangulia nyingine zote. Tetemeko la ardhi la ukubwa wa 8.8 lilikuwa limepiga pwani ya Kamchatka, mashariki ya mbali ya Urusi. Tahadhari za tsunami zilitolewa karibu kuizunguka bahari yote ya Pasifiki, na wakazi wa pwani za Japan na Hawaii walitakiwa kukimbilia miinuko. Matetemeko yaliyowahi kupimwa duniani yakawa makubwa kuliko hilo yanahesabika kwa vidole. Pamoja na hayo, hasara ya mali ilikuwa ndogo, na siku chache baadaye masoko yalikuwa yamekwisha kulisahau.

Miezi minne kabla ya hapo, tarehe 28 Machi 2025, tetemeko la 7.7 lilipiga karibu na Mandalay nchini Myanmar. Kwa nguvu iliyotoka ardhini, lile la Kamchatka lililipita karibu mara 45. Lakini la Myanmar liliua watu zaidi ya 3,000, likaangusha ghorofa lililokuwa likijengwa mjini Bangkok, umbali wa kilometa zipatazo 1,000, na kulilazimisha Soko la Hisa la Thailand kusimamisha biashara ya alasiri hiyo.

Tofauti kati ya matukio hayo mawili ndiyo inayowasumbua wanunuzi, makampuni ya bima na mabenki. Ukubwa wa tetemeko hupima nguvu. Hasara hutegemea mambo mengine: mahali, kina, majengo, na kile kinachozalishwa hapo. Kanuni hiyo hiyo inafanya kazi kwa dhoruba za jua.

Namba zinakotoka

Shirika la Jiolojia la Marekani, USGS, kupitia kituo chake cha Golden katika jimbo la Colorado, hubaini matetemeko yapatayo 20,000 kila mwaka, yaani wastani wa 55 kwa siku. Mengi hayamgusi mtu. Yale ya ukubwa wa 7 na kuendelea huwa kama 15 kwa mwaka, na la 8 au zaidi ni kama moja. Kila ngazi ya kipimo hicho ina nguvu mara 32 hivi ya ngazi iliyo chini yake, kwa hiyo tetemeko la 8 lina nguvu mara 1,000 ya lile la 6.

Namba ya kwanza kutangazwa ni ya muda. Tetemeko la Kamchatka lilianza kwa kutajwa kuwa la 8.0, likapandishwa hadi 8.7, kisha 8.8. Mwaka 2011 Idara ya Hali ya Hewa ya Japan ilianza kwa kutangaza 7.9, na hesabu ya mwisho ikawa 9.0. Mfanyabiashara anayefanya uamuzi kwa namba ya dakika tano za mwanzo anafanya biashara kwa makadirio.

Tangu mwaka 2010 USGS imekuwa ikitoa pia makadirio ya vifo na ya hasara kwa dola, kwa kawaida ndani ya nusu saa. Hesabu hiyo huchanganya nguvu ya mtikisiko, idadi ya watu walio karibu na aina ya majengo yao, kisha matokeo hutolewa kwa rangi: kijani, njano, chungwa na nyekundu. Myanmar ilipewa nyekundu. Kwa mtu wa biashara, rangi hiyo ina maana zaidi kuliko ukubwa unaotajwa kwenye vichwa vya habari.

Kwa upande wa jua, tahadhari hutolewa na kituo cha serikali ya Marekani kilichopo Boulder, si mbali na Golden. Dhoruba za sumaku hupangwa katika madaraja matano, kuanzia G1 iliyo ndogo hadi G5 iliyo kali kupita zote.

Barings, yeni na shaba

Mfano unaokumbukwa zaidi na mabenki ni wa tarehe 17 Januari 1995. Tetemeko la ukubwa wa 6.9 liliupiga mji wa Kobe, Japan, na kuua watu zaidi ya 6,400. Wakati huo Nick Leeson, mwakilishi wa benki ya Barings ya Uingereza huko Singapore, alikuwa ameweka fedha za benki katika mikataba iliyotegemea kwamba hisa za Japan zingetulia. Hazikutulia. Januari 23 kipimo cha Nikkei kilishuka kwa zaidi ya pointi 1,000 kwa siku moja. Leeson akaendelea kununua akitarajia bei zirudi. Mwezi uliofuata benki hiyo iliyoanzishwa mwaka 1762 ilianguka kwa hasara ya pauni milioni 827, na kampuni ya ING ya Uholanzi ikainunua kwa pauni moja.

Tetemeko peke yake halikuiua Barings. Hasara zilikuwa zikifichwa tangu mwaka 1992. Ardhi ilitikisika, na deni lililofichwa likaonekana.

Tetemeko la Japan la tarehe 11 Machi 2011 lilitoa somo la aina nyingine. Wengi wangetegemea fedha ya nchi iliyopata pigo kama hilo ishuke thamani. Yeni ilipanda. Machi 17 dola moja ilibadilishwa kwa yeni 76.25, kiwango ambacho kilikuwa hakijawahi kufikiwa, kwa sababu soko liliamini kuwa makampuni na bima za Japan zingerudisha nyumbani fedha zilizokuwa nje ili kulipia ujenzi. Kesho yake nchi saba tajiri ziliingia sokoni kwa pamoja kuishusha.

Kwa Afrika Mashariki, jambo hilo lilihusu magari. Mwagizaji wa gari lililotumika kutoka Yokohama au Nagoya, ambaye hesabu yake inaanzia kwenye yeni, alikumbana na bei iliyopanda bila gari lenyewe kubadilika. Kutokana na ajali ya mtambo wa nyuklia wa Fukushima, Kenya iliongeza kipimo cha mionzi katika ukaguzi wa magari kabla ya kusafirishwa.

Shaba nayo ilikuwa na mwendo wake. Tetemeko la 8.8 lilipoipiga Chile Jumamosi ya tarehe 27 Februari 2010, soko lilifunguliwa Jumatatu kwa bei ya juu, kwani Chile inaongoza duniani kwa uzalishaji wa shaba. Lakini migodi mikubwa zaidi iko kaskazini, mbali na kitovu. Ile ya karibu, kama El Teniente, ilikuwa imesimama hasa kwa kukosa umeme, na ikarudi kazini upesi. Aliyeangalia ramani kabla ya kununua aliokoa fedha.

Kisiwa cha chipu

Taiwan inaonyesha jinsi hasara inavyoweza kupunguzwa kwa maandalizi. Tarehe 21 Septemba 1999 tetemeko la 7.6 liliua watu wapatao 2,400. Viwanda vya Hsinchu vilikatikiwa umeme kwa siku kadhaa na bei ya chipu za kumbukumbu za kompyuta ikaruka katika soko la papo kwa papo. Viwanda vyenyewe havikuwa vimeanguka. Kilichokatika ni umeme.

Tarehe 3 Aprili 2024 kisiwa hicho kilipigwa tena, safari hii kwa 7.4. Kampuni ya TSMC, inayotengeneza sehemu kubwa ya chipu za hali ya juu duniani, ilitangaza kwamba ndani ya saa 10 zaidi ya asilimia 70 ya mashine zake zilikuwa zimerudi kazini. Kati ya matukio hayo mawili ilipita miaka karibu 25 ya kufunga mashine kwa nguvu zaidi, kusimamia viwango vya ujenzi na kuwafundisha wafanyakazi.

Jua linatoa notisi

Ardhi haitoi notisi ya siku wala saa. Jua hutoa. Wingu la chembe zenye chaji likirushwa kutoka kwenye jua kuelekea duniani, huchukua siku moja hadi tatu kufika, na wachunguzi huliona likiondoka. Satelaiti zilizowekwa umbali wa kilometa milioni 1.5 upande wa jua hulipima likikaribia, na hapo hubaki muda wa dakika 15 hadi saa moja.

Hapa pia daraja halilingani na hasara. Februari 2022 kampuni ya SpaceX ilirusha satelaiti 49 za Starlink. Dhoruba iliyokuwa katika madaraja ya chini ililifanya anga la juu lipate joto na kuwa zito, satelaiti zikashindwa kupanda, na 38 zikapotea. Mei 10, 2024 ilifika dhoruba ya G5, ya kwanza tangu Oktoba 2003. Gridi kubwa za umeme hazikuzimika. Walioumia haraka ni wakulima wa mahindi wa Marekani, ambao matrekta yao huongozwa na satelaiti. Wengi walilazimika kusimamisha upandaji katikati ya msimu, kwa kuwa mistari ya mbegu ilikuwa ikienda kombo.

Umeme ulikuwa umeonja hasara mapema zaidi. Machi 13, 1989, gridi ya jimbo la Quebec, Canada, ilianguka ndani ya sekunde 92, na watu milioni sita wakakaa gizani kwa takriban saa tisa. Transfoma kubwa ya kituo cha nyuklia cha Salem, New Jersey, iliharibika. Vifaa vya namna hiyo havikai dukani. Huagizwa, na huchukua miezi mingi kutengenezwa.

Namba inapolipa

Kuna mahali ambapo namba ya Golden hugeuka fedha moja kwa moja. Ni katika hati fungani za majanga. Mwekezaji huweka fedha zake na kupata riba nzuri. Tetemeko likitokea katika eneo lililotajwa, kwa ukubwa na kina kilichoandikwa kwenye mkataba, mwekezaji hupoteza mtaji wake na nchi husika hulipwa bila kusubiri mkaguzi ahesabu nyufa.

Septemba 7, 2017, tetemeko la 8.2 lilipiga pwani ya Chiapas, Mexico. Takwimu za USGS zilitimiza masharti, na Mexico ikapata dola milioni 150 kutoka katika hati iliyotolewa kupitia Benki ya Dunia. Siku 12 baadaye tetemeko la 7.1 liliua mamia ya watu, wengi wao katika jiji la Mexico. Malipo yale yalitokana na la Chiapas, si na hili. Hati ya namna hii hulipa kilichoandikwa. Haiangalii machozi.

Upande wetu

Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la 5.9 lilipiga mkoa wa Kagera, Tanzania. Katika orodha ya dunia hiyo ni namba ya kawaida. Kagera iliua watu zaidi ya 15, ikabomoa nyumba kwa maelfu, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zikafungwa. Fedha za kusaidia zilitafutwa kwa michango ya wafanyabiashara, mabalozi na wananchi. Huko Mexico mkataba ulikuwepo kabla ya tukio, na malipo yalikuwa haki. Kagera ilibidi kuomba baada ya tukio. Mwenye duka au ghala katika ukanda wa Bonde la Ufa anapaswa kusoma upya hati yake: mara nyingi bima ya moto hulipa tetemeko pale tu linapokuwa limeongezwa kwa ada ya ziada.

Kuhusu jua, Afrika Mashariki iko mbali na ncha za dunia, hivyo hatari kwa gridi ni ndogo kuliko Canada. Lakini iko karibu na ikweta ya sumaku, ambako ishara za satelaiti huyumba baada ya machweo, hasa katika miaka ambayo jua limechangamka. Kenya, Uganda na Rwanda hufuatilia kwa satelaiti shehena zinazopita tangu mwaka 2017. Msafirishaji ambaye lori lake linaonekana liko nje ya njia usiku wa dhoruba anahitaji kumbukumbu nyingine ya kuonyesha.

Tahadhari nyingine ni dhidi ya uvumi. Mei 12, 2024, siku mbili tu baada ya ile G5, intaneti ilidorora Afrika Mashariki yote na malipo mengi yakakwama. Ilikuwa rahisi kulilaumu jua. Chanzo kilikuwa kukatika kwa nyaya za EASSy na Seacom chini ya bahari, karibu na Afrika Kusini.

Maswali kabla ya kununua

Mnunuzi anayesikia namba mpya ana maswali manne ya kujiuliza. Je, namba hiyo ni ya kwanza au imerekebishwa? Kina ni kiasi gani, na nani anaishi hapo juu? Nini kinachozalishwa au kupita hapo: shaba, chipu, mafuta, makontena? Na nani atalipa, bima, hazina ya nchi au mwenye mali mwenyewe?

Swali la nne ndilo hubaki muda mrefu. Bei ya shaba hutulia kwa wiki. Nyumba ya Bukoba isiyokuwa na bima hujengwa upya kwa akiba ya mwenyewe, au haijengwi.