Watatu kwa Kila Elfu: Hesabu ya Kiwewe Katika Miji ya China

Mtu aliyenusurika na zilzala, ajali au kipigo huweza kupona majeraha ya mwili, ilhali moyo wake ungali pale pale tukio lilipotokea. Huota ndoto za kutisha, hushtushwa na sauti ndogo, huikwepa kila njia imkumbushayo msiba. Hali hiyo ikipita mwezi mmoja na kumharibia maisha, matabibu huiita maradhi ya kiwewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti waliwahoji watu wazima wapatao 5,200 katika majiji ya Beijing na Shanghai. Waliopata kuugua maradhi haya maishani mwao walikuwa takriban watatu kwa kila elfu. Uchunguzi wa nchi nzima wa 2013 hadi 2015 ulikuta kiwango kama hicho. Marekani, kwa kipimo kinachofanana, hesabu ilikuwa karibu 68 kwa kila elfu.

Je, China haikufikwa na misiba? La. Zilzala ya 1976 iliuangamiza mji wa Tangshan na kuua watu wapatao 242,000 kwa hesabu ya serikali. Ile ya Wenchuan ya 2008 iliua karibu 70,000.

Sehemu ya jawabu ni njema: wengi wafikwao na msiba hupona pasipo kuugua, hasa wanapozungukwa na jamaa. Sehemu nyingine yatutaka hadhari. Palipo na desturi ya kuyahesabu maradhi ya akili kuwa aibu ya ukoo mzima, si rahisi mtu kumfungulia mgeni moyo wake. Wapo walalamikao kukosa usingizi au kuumwa kichwa, wala hofu hawaitaji.

Isitoshe, hesabu ndogo si watu wachache. Katika jiji lenye watu wazima milioni 10, watatu kwa kila elfu ni watu 30,000, na kila mmoja ana mke, mume, mzazi au mtoto anayekesha naye.

Basi sisi wazazi tusingoje takwimu zitupe ruhusa ya kuuliza. Mtoto au mzee aliyefikwa na jambo zito tumsikilize bila kumlazimisha kusimulia, tusimcheke kwa woga wake. Na mwezi ukipita bila nafuu, tumpeleke kwa tabibu. Maradhi haya yana tiba.