Kidonge Kimoja Chenye Dawa Tatu: Usalama wa Anayetumia Dawa za VVU

Kwa watu wazima wengi wanaoishi na virusi vya ukimwi (VVU) nchini Tanzania na Kenya, tiba siku hizi ni kidonge kimoja kinachomezwa mara moja kwa siku, ambacho ndani yake mna dawa tatu: tenofoviri miligramu 300, lamivudini miligramu 300 na dolutegraviri miligramu 50. Mchanganyiko huo, ambao wahudumu wa kliniki huuita TLD kwa herufi za mwanzo za majina hayo, ndio ambao Shirika la Afya Duniani liliupendekeza mwaka 2019 uwe tiba ya kuanzia kwa watu wazima, na umerahisisha sana maisha ya waliokuwa wakimeza vidonge kadhaa asubuhi na jioni. Urahisi huo, hata hivyo, umewafanya wengi waamini kwamba hakuna cha kujua zaidi ya kukumbuka saa ya kumeza, ilhali hatari nyingi zilizobaki hazimo katika kidonge chenyewe, bali katika vitu vinavyomezwa pamoja nacho na katika usiri unaomfanya mtumiaji asimwambie yeyote kwamba anakitumia.

Sababu ya kuchanganya dawa tatu inaeleweka vizuri zaidi mtu akijua namna kirusi kinavyoishi. VVU hushambulia chembe hai nyeupe za damu zinazoitwa CD4, ambazo ni nguzo ya kinga ya mwili, na kirusi kikishaingia ndani ya chembe hiyo hunakili taarifa zake za urithi, kisha huzipachika katika taarifa za urithi za chembe yenyewe ili chembe ianze kuzalisha virusi vipya. Tenofoviri na lamivudini huzuia hatua ya kunakili, na dolutegraviri huzuia hatua ya kupachika. Kwa kuwa VVU hukosea mara nyingi vinapojinakili, kila siku huzaliwa virusi vyenye mabadiliko madogo, na miongoni mwavyo vinaweza kuwamo vinavyostahimili dawa moja, hali inayoitwa usugu. Lakini ni vigumu mno kwa kirusi kimoja kupata kwa mpigo mabadiliko yanayokiwezesha kustahimili dawa tatu. Zidovudini, dawa ya kwanza ya VVU kuidhinishwa nchini Marekani mwaka 1987, ilipotolewa peke yake iliwasaidia wagonjwa kwa muda tu kabla ya virusi kuizoea, na ni mwaka 1996 ambapo matokeo ya mchanganyiko wa dawa tatu yalionyesha wazi kwamba vifo vinaweza kupungua kwa kiasi kikubwa. Tanzania ilianza mpango wake wa taifa wa kutoa dawa hizi bila malipo mwaka 2004.

Dawa hizi hufubaza virusi bila kuvimaliza, kwa maana baadhi ya chembe zilizoambukizwa hubaki zimelala kwa miaka mingi katika hali ambayo dawa haziwezi kuziathiri, na dawa ikiachwa virusi hurudi kuzaliana, mara nyingi ndani ya wiki chache. Kulikuwa na wakati ambapo madaktari wenyewe walijiuliza kama mgonjwa mwenye CD4 nyingi anaweza kupumzishwa dawa ili kumpunguzia madhara yake. Jibu lilipatikana mwaka 2006, utafiti wa kimataifa uitwao SMART, uliowahusisha watu 5,472, ulipoonyesha kwamba waliokatishwa dawa kwa utaratibu uliopangwa na kusimamiwa na wataalamu walikuwa katika hatari ya kufa au kupata magonjwa nyemelezi zaidi ya mara mbili ya wale walioendelea bila kukatiza. Ikiwa kukatiza chini ya uangalizi wa karibu namna hiyo kulileta madhara, kukatiza kimyakimya nyumbani hakuwezi kuwa salama.

Kuhusu dozi iliyosahaulika, kanuni ni nyepesi: anayekumbuka siku hiyohiyo ameze mara tu anapokumbuka, na akikumbuka wakati muda wa dozi inayofuata umekaribia, ameze hiyo inayofuata kwa wakati wake bila kumeza viwili kwa pamoja. Kuchelewa saa moja au mbili mara mojamoja si balaa, kwa sababu dolutegraviri hubaki katika damu kwa muda wa kutosha, nusu yake ikichukua takriban saa 14 kuondoka mwilini. Kinachodhuru ni mazoea ya kuruka siku. Kidonge hiki kinaweza kumezwa kwa chakula au bila chakula, jambo linalowafaa pia Waislamu wanaofunga Ramadhani, ambao kwa kushauriana na kliniki yao wanaweza kuhamishia dozi yao wakati wa futari au daku bila kupoteza hata siku moja.

Kabla ya kuanza, mhudumu hupaswa kuchunguza mambo machache ambayo mgonjwa ana haki ya kuyaulizia. La kwanza ni kifua kikuu, ambacho kikiwepo hutibiwa kwa mpango maalumu, na kama kimefika kwenye utando wa ubongo dawa za VVU huahirishwa kwa wiki kadhaa, kwa sababu kinga inayoamka ghafla inaweza kuzidisha uvimbe. La pili ni figo, kwa kuwa tenofoviri hutolewa mwilini kwa njia ya figo na inaweza kuzidhoofisha kwa watu wachache, hasa wenye shinikizo la damu, kisukari au umri mkubwa. La tatu, ambalo halizungumzwi vya kutosha, ni homa ya ini aina ya B: tenofoviri na lamivudini huvikandamiza pia virusi vya homa hiyo, kwa hiyo mwenye maambukizi yote mawili akiacha dawa ghafla anaweza kupata mlipuko mkali wa ugonjwa wa ini hata kabla CD4 zake hazijashuka.

Hata hivyo, eneo linalostahili mkazo kuliko yote ni namna dawa hizi zinavyokutana na nyingine, kwa sababu hapo ndipo mtu mwenye nidhamu kamili, asiyekosa kidonge hata siku moja, anaweza kuharibikiwa bila kujua. Dolutegraviri hushikamana na madini ya aluminiamu, magnesiamu, chuma na kalsiamu ndani ya utumbo, na ikishikamana nayo haifyonzwi kuingia katika damu kama inavyotakiwa. Madini hayo yamo katika dawa za kawaida kabisa: dawa za kutuliza kiungulia na vidonda vya tumbo zenye aluminiamu au magnesiamu, vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito, na vidonge vya kalsiamu. Kanuni ni kumeza dolutegraviri angalau saa 2 kabla ya vitu hivyo au saa 6 baada yake. Vidonge vya chuma na kalsiamu vinaweza pia kumezwa pamoja nayo iwapo vyote vinamezwa pamoja na chakula, lakini dawa za kiungulia hazina ruhusa hiyo. Mjamzito anayemeza TLD saa mbili usiku, kwa mfano, hupata nafasi ya kutosha akimeza vidonge vyake vya damu asubuhi. Ni marekebisho madogo yasiyogharimu hata senti, na inasikitisha kwamba wajawazito wengi huondoka kliniki na mifuko miwili ya dawa bila kuelezwa mpangilio wa saa.

Mkutano mwingine mzito ni ule wa dolutegraviri na rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu, ambayo huliamsha ini liivunje dolutegraviri haraka kuliko kawaida. Kwa ajili hiyo mgonjwa wa kifua kikuu anayetumia TLD huongezewa kidonge cha dolutegraviri peke yake cha miligramu 50, kinachomezwa saa 12 baada ya kile cha kwanza, na huendelea nacho hadi wiki mbili baada ya kumaliza rifampisini, kwa sababu athari ya dawa hiyo katika ini haiishi siku inapoachwa. Baadhi ya dawa za kifafa, kama karbamazepini, fenitoini na fenobabitali, huleta tatizo linalofanana na hilo, na uamuzi wa kuzitumia pamoja ni wa daktari. Kwa metifomini, dawa ya kisukari, mambo huenda kinyume: dolutegraviri huipandisha metifomini katika damu, ndiyo maana jumla yake kwa siku huwekewa kikomo cha miligramu 1,000. Diklofenaki, dawa ya maumivu inayouzwa karibu kila duka, haipunguzi nguvu ya TLD, lakini ikitumiwa kwa wingi au kwa muda mrefu pamoja na tenofoviri huweza kuziumiza figo. Kwa maumivu ya kawaida parasetamoli ni chaguo salama zaidi. Wanawake waliobaki kwenye mchanganyiko wa zamani wenye efavirenzi nao wanapaswa kujua kwamba dawa hiyo hupunguza homoni za vipandikizi vya uzazi wa mpango, tatizo ambalo dolutegraviri haina.

Dawa za asili zinahitaji kauli ya wazi. Mwaka 2011 maelfu ya watu kutoka Tanzania na nchi jirani walipanga foleni ndefu za magari kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kilichokuwa kikitolewa na mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, na miongoni mwao walikuwamo watu wenye VVU walioziacha dawa zao wakiamini wamepona. Kosa lililowadhuru watu hao ni kuacha dawa iliyokuwa ikiwafanyia kazi, na kosa hilo bado linatendeka mahali pengi, ingawa kwa makundi madogo na bila vyombo vya habari. Mtu anayetaka kutumia dawa ya miti kwa ugonjwa mwingine afanye hivyo kwa kumweleza mhudumu wake, kwa maana mitishamba mingi haijapimwa pamoja na dawa hizi, na baadhi yake ni mzigo kwa ini na figo.

Madhara ya TLD yenyewe kwa wengi ni madogo: kichefuchefu na kuumwa kichwa katika wiki za mwanzo, au kukosa usingizi, ambako mara nyingi hutulia dozi ikihamishiwa asubuhi. Baadhi huongezeka uzito, na wachache hupandisha sukari, kwa hiyo kiu isiyo ya kawaida na kukojoa mara kwa mara ni dalili za kuripotiwa mapema. Vipele vikali vyenye homa, macho kuwa ya manjano na kupungua kwa mkojo ni sababu za kwenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Hofu kwamba dolutegraviri hudhuru mimba ilizuka mwaka 2018, baada ya takwimu za awali kutoka Botswana kuonyesha kasoro za uti wa mgongo au ubongo kwa watoto 4 kati ya 426 ambao mama zao walishika mimba wakiitumia. Uzazi ulioendelea kufuatiliwa nchini humo kwa idadi kubwa zaidi ulionyesha tofauti hiyo ikififia hadi kutoweka, na leo dawa hiyo hupewa wanawake wa rika zote, wajawazito wakiwamo.

Uhifadhi wa dawa unaonyesha wazi namna usiri unavyodhuru. Vidonge hivi hutolewa katika kichupa cha plastiki chenye kifuko kidogo cha kufyonza unyevu, na huwekwa mahali pakavu pasipozidi nyuzijoto 30. Lakini kichupa kikitikiswa hulia, na jirani anayekijua huutambua mlio huo ndani ya mkoba. Kwa sababu hiyo wapo wanaohamishia vidonge katika karatasi au mfuko wa nailoni na kuvificha juu ya kenchi, chini ya bati linalochomwa na jua mchana kutwa. Mgonjwa hastahili kulaumiwa kwa hilo, bali aelekezwe kwamba pamba safi iliyojazwa juu ya vidonge huzuia mlio, na kwamba mwenye hali nzuri anaweza kuomba apewe dawa za miezi mitatu au sita ili apunguze safari za kliniki.

Watoto wana michanganyiko yao, vikiwamo vidonge vya dolutegraviri vya miligramu 10 vinavyoyeyushwa katika maji, na dozi yao hupimwa kwa uzito. Kwa hiyo mzazi asikate kidonge cha mtu mzima ili kumpa mtoto.

Njia ya kuthibitisha kwamba haya yote yanafanya kazi ni kipimo cha wingi wa virusi katika damu, kinachofanyika baada ya miezi 6 ya tiba, kisha baada ya miezi 12, na baadaye kila mwaka. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba mtu anayemeza dawa ipasavyo na ambaye virusi vyake havionekani kwenye kipimo hawezi kumwambukiza mwenzi wake kwa kujamiiana, na kwamba mwenye nakala 1,000 au pungufu katika mililita moja ya damu ana uwezekano unaokaribia sifuri. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2022 hadi 2023 ulikuta kwamba asilimia 94.3 ya watu wazima waliokuwa kwenye tiba walikuwa wamefubaza virusi, mafanikio ambayo miaka ya 1980, ugonjwa ulipokuwa ukifuta familia nzima mkoani Kagera, hakuna aliyeweza kuyawaza.

Kwa hiyo muuzaji wa duka la dawa muhimu anayeombwa dawa ya kiungulia au ya maumivu amwulize kila mteja, kwa sauti ya chini na bila kumkazia macho, kama kuna dawa nyingine anayoitumia kila siku. Naye anayetumia dawa za VVU aende kliniki safari ijayo akiwa na kila kidonge, sharubati na unga wa mitishamba uliomo nyumbani mwake, aviweke mezani mbele ya mhudumu na aulize saa ya kumeza kila kimoja.