Sangara Mchanga Aachwe Akue

Katika mwalo wa Ggaba, ufukoni mwa Ziwa Viktoria, kinga kubwa ya samaki ni kipimo. Sangara, ambaye nchini Uganda huitwa mputa, hapaswi kuvuliwa akiwa hajatimiza sentimita 50. Sababu yake ni wazi: majike wengi huanza kutaga mayai baada ya kuupita urefu huo. Amvuaye mchanga hula mbegu.

Mwaka 2017 wanajeshi walitumwa ziwani kukomesha uvuvi haramu. Kazi ya namna hiyo yataka rula kabla ya rungu. Nyavu haramu zikamatwe. Mvuvi mwenye samaki halali apite kwa amani. Askari apokeaye hongo huliangamiza ziwa sawasawa na mvuvi mhalifu.