Simu ya mkononi yamfuata mgonjwa hadi shambani

KUTOKA wodini si mwisho wa gharama za upasuaji. Mkulima wa kahawa wa Tarime, au mfugaji wa Serengeti anayeishi mbali na Mugumu, hutakiwa kurudi hospitali ili mshono ukaguliwe. Safari hiyo ina nauli ya bodaboda na ya basi, chakula cha msindikizaji, na siku nzima bila kazi ya shamba. Kidonda kisipouma, wengi hubaki nyumbani. Hesabu hiyo si ya kijinga, ila kidonda kinaweza kutunga usaha ndani huku juu kikionekana kizima.

Ng'ambo ya mpaka, Nyanza nchini Kenya, jambo hili lilipimwa mwaka 2010 na 2011 kwa wanaume 1,200 waliotahiriwa kliniki. Nusu yao walipelekewa ujumbe mfupi wa simu kila siku kwa siku saba. Waliorudi kukaguliwa katika kundi hilo walikuwa asilimia 65. Kwa wenzao wasiopelekewa, asilimia 60. Faida ipo, lakini ndogo. Utafiti huo huo ulionyesha kuwa waliotumia nauli ya kuanzia Dola 1.25 za Marekani ndio waliokuwa rahisi zaidi kukosa kurudi. Ujumbe hukumbusha, haulipi nauli.

Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, iliona hilo mapema. Kuanzia mwaka 2009 ilitumia M-Pesa kuwapatia nauli wanawake wenye fistula. Fedha zilimfikia balozi wa mpango huo mikoani, akakata tiketi ya basi, na mgonjwa akishafika hospitali balozi naye alipata kifuta jasho. Njia hiyo ilikuwa ya kumleta mgonjwa kwenye upasuaji, lakini hakuna kinachozuia itumike kumrudisha kukaguliwa.

Kwa kazi hii hata simu ya tochi inatosha. Mgonjwa aombe namba ya wodi kabla ya kuondoka, naye aache namba mbili, moja ya jirani, maana simu ya nyumbani mara nyingi imo mfukoni mwa baba aliyekwenda mnadani. Homa, usaha, harufu mbaya, damu au mshono kufunguka ni mambo ya kupiga simu siku hiyo hiyo. Mama aliyejifungua kwa upasuaji akipata dharura ndani ya siku 42 apige 115, namba ya m-mama, bila malipo.