Olunga na mechi kubwa: Kabla hujamhukumu, hesabu kwanza amecheza ngapi

Ukitaka kuwasha moto pale nje ya Ngome ya Yesu, si lazima uguse siasa. Subiri Alasiri ipite, jua lilegee, upepo wa bahari uanze kupanda. Keti kwenye benchi la muuza kahawa, kisha sema kwa sauti ya kutosha: “Olunga ni mkali, lakini mechi kubwa hafungi.”

Halafu shika kikombe chako vizuri.

Wa kwanza kukujibu atakuwa kijana mwenye jezi ya Harambee Stars. “Wewe wasema nini? Mtu alifunga mabao manane mechi moja!” Wa pili, aliyekuwa amejiegemeza ukutani akimenya njugu, atacheka. “Manane ligi ya daraja la pili Japan. Mimi naulizia AFCON.” Na mzee wa pembeni, ambaye ulidhani hasikilizi, ataweka kashata yake chini na kusema: “Nyinyi hamkumuona Dawo.”

Basi umeisha. Utarudi nyumbani usiku.

Huu ni mjadala mtamu, na nadhani nawe umeshawahi kuingia ndani yake, iwe ni barazani Ndia Kuu, Uwanja wa Makadara au kwenye grupu la WhatsApp. Shida ni kwamba wengi wetu tunaingia mikono mitupu. Tunabeba sauti, hatubebi hesabu. Leo tuihesabu pamoja, ili siku nyingine ukikaa pale usipigwe na kelele tu.

Tuanze na upande wa kijana wa jezi. Michael Olunga hakuokota sifa zake njiani. Novemba 24, 2019, Kashiwa Reysol iliichapa Kyoto Sanga mabao 13-1, naye akafunga manane. Ndiyo, ilikuwa daraja la pili. Lakini timu ikapanda, na msimu uliofuata, 2020, alitia kimiani mabao 28 katika mechi 32 za ligi kuu ya Japan. Akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi nzima. Akahamia Al Duhail ya Qatar, na huko pia akamaliza mfungaji bora wa ligi, msimu wa 2021/22 na tena 2022/23. Hapo hakuna wa kubisha.

Sasa mpe nafasi yule wa njugu, maana naye ana hoja. Januari 4, 2021, Kashiwa walicheza fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya FC Tokyo. Walilala 2-1, na bao lao halikuwa la Olunga. Mwaka huohuo alifunga mabao tisa katika Klabu Bingwa Asia, lakini Al Duhail haikuvuka hata makundi. Februari 2023 klabu hiyo ilifika nusu fainali ya mashindano hayohayo, ikatandikwa 7-0 na Al Hilal. Ukizipanga hivyo, unaona kwa nini watu wanasema fowadi wetu huyeyuka taa zikiwaka sana.

Lakini ngoja kidogo. Hebu tuje kwenye jambo linalotuuma zaidi, yaani Kenya.

Olunga amecheza AFCON mara moja tu, Misri, 2019. Mechi tatu. Kenya ilifungwa 2-0 na Algeria, ikailaza Tanzania 3-2, kisha ikachapwa 3-0 na Senegal. Algeria na Senegal ndio waliokuja kukutana fainali, Algeria wakabeba kombe. Katika mechi tatu hizo Kenya ilipata mabao matatu, na mawili ni ya Olunga, yote dhidi ya Tanzania, likiwemo lile la dakika ya 80 lililoamua mchezo. Jingine lilikuwa la Johanna Omolo.

Kwa hivyo ukisema “Olunga hafungi AFCON”, unazungumzia dakika 270, nyingi kati yake dhidi ya timu mbili zilizocheza fainali. Na ukisema “hafungi mechi za muondoano akiwa na Kenya”, ni kweli, maana hajawahi kucheza hata moja kwenye AFCON. Si yeye peke yake. Kenya imeshiriki fainali hizo mara sita, kuanzia 1972, na haijawahi kuvuka makundi. Huwezi kumlaumu mvuvi kwa samaki wa maji ambayo mashua yake haikufika.

Na kwa nini mashua haikufika? Kuwania AFCON iliyofuata, tulitoka sare na Komoro hapa Kenya Novemba 2020, kisha tukafungwa 2-1 kwao. Ndugu zetu wa Ngazija wakafuzu kwa mara ya kwanza katika historia yao, sisi tukabaki kutazama kwenye runinga. Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya, na CAF ikatuondoa kabisa katika mechi za kufuzu AFCON 2023. Marufuku iliondolewa mwishoni mwa Novemba. Mwaka ule Olunga alikuwa na miaka 28, umri ambao fowadi huwa ameiva. Mechi kubwa alizokosa wakati huo hazikupotea mguuni mwake. Zilipotea ofisini. Kisha kuwania AFCON 2025, tulilazimika kuchezea mechi za “nyumbani” nje ya nchi kwa kukosa uwanja ulioidhinishwa, na tukakosa tena.

“Sawa,” atasema wa njugu, “lakini Origi je?” Swali zuri. Divock Origi, mwana wa Mike Okoth, alichagua kuchezea Ubelgiji alikozaliwa. Liverpool alikuwa mtu wa benchi. Lakini Mei 7, 2019 alifunga mawili Barcelona walipopigwa 4-0, na Juni 1 akafunga dakika ya 87 kwenye fainali ya Klabu Bingwa Ulaya. Mabao machache, yote ya dhahabu. Sasa tazama alikuwa na nani uwanjani: Alexander-Arnold wa kumpigia ile kona ya haraka, Van Dijk wa kulinda nyuma, Alisson golini. Origi aliikamata nafasi, hongera kwake. Lakini nafasi yenyewe ililetwa na watu kumi wengine.

Mchukue Mohamed Salah. Kwenye fainali hiyohiyo ndiye aliyefunga penalti ya mapema. Lakini akiwa na Misri amepoteza fainali mbili za AFCON, 2017 mbele ya Cameroon na ile ya Februari 2022 mbele ya Senegal, ambapo penalti ziliisha kabla zamu yake haijafika. Mwezi uliofuata, huko Senegal, akapaisha penalti na Misri ikakosa Kombe la Dunia. Mtu mmoja, miguu ileile. Je, ni mtu wa mechi kubwa au siye?

Hata Peter Dawo wa yule mzee, aliyefunga Tunis na akafunga tena Nairobi Gor Mahia ilipotwaa Kombe la Washindi Afrika 1987, hakucheza peke yake. Muulize mzee akutajie kikosi. Atakitaja chote, kuanzia kipa.

Kuna jambo moja zaidi, na hili nakwambia kama ndugu. Siku hizi hasira nyingi za baraza hazitoki kwa mapenzi ya mpira. Zinatoka kwenye mkeka uliochanika. Kijana ameweka pesa ya nauli, pengine na ya karo, kwamba fulani lazima afunge. Asipofunga, matusi yanamfuata mchezaji hadi kwenye ukurasa wake. Ukijiona umemchukia mtu ambaye msimu uliopita ulivaa jina lake mgongoni, jiulize kwanza ni bao lililokuuma au ni mfuko.

Kenya, Uganda na Tanzania zimepewa kuandaa AFCON 2027. Machi mwaka huo Olunga atatimiza miaka 33. Pengine atakuwepo, pengine nafasi itakuwa ya Ryan Ogam, aliyefunga bao lililoizamisha Morocco kwenye CHAN Agosti 2025. Yeyote atakayevaa jezi hiyo, tutamwekea mzigo uleule, na akikosa bao moja tutamwita mtu wa mechi ndogo.

Basi jioni ukipita Ngomeni, usiache kubishana, maana kahawa bila ubishi haishuki. Lakini akitokea wa kukwambia fulani hafungi mechi kubwa, muulize mambo matatu. Amecheza ngapi? Dhidi ya nani? Na ni nani alikuwa anampa mpira?

Akikujibu yote matatu, mlipie kahawa.