Spika za Studio kwa Mfuko wa Familia

Zamani, bendi iliyotaka wimbo wake usikike nje ya mji wake ililazimika kufunga safari. Katika miaka ya 1970 bendi za majeshi nchini Tanzania, kama vile Polisi Jazz na Kimulimuli ya JKT, ziliingia katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam na kurekodi nyimbo zao kwenye kanda, mbele ya mafundi walioajiriwa kwa kazi hiyo. Siku hizi kazi ile ile huweza kufanyika sebuleni. Kompyuta moja, maikrofoni moja na subira ya kutosha humwezesha kijana wa konstebo kurekodi kaswida za madrasa, au mke wa koplo kurekodi kwaya ya kambi na kulipwa kwa kila wimbo. Fedha hizo si nyingi, walakini karo ya shule nayo hulipwa kidogo kidogo.

Mtego mkubwa katika shughuli hii ni spika. Familia aghalabu huanza na ile spika kubwa ya sebuleni, inayotikisa vikombe kabatini siku ya sherehe, ikidhani kwamba chombo kilichofurahisha wageni kitafaa pia kwa kazi. Spika za namna hiyo zimeundwa ili zipendeze. Huko kiwandani zimeongezewa besi na makali ya juu, hata wimbo dhaifu uchangamke. Mwenye kurekodi akisikiliza kwa spika hizo husikia besi imezidi, naye huipunguza. Wimbo ukifika katika redio ya jirani au ndani ya basi, besi haipo tena, na kwaya nzima husikika kana kwamba inaimba ndani ya debe. Mteja hurudi, kazi hufanywa upya bila malipo, na safari nyingine mteja huyo humwendea mtu mwingine. Spika ya studio, ambayo mafundi huiita monita, haimbembelezi msikilizaji. Kazi yake ni kumwonyesha kasoro wakati bado zinaweza kurekebishwa.

Ushahidi wa jambo hilo umo katika historia ya spika moja ya Kijapani. Mwaka 1978 kampuni ya Yamaha ilitoa spika iitwayo NS-10, yenye koni nyeupe, iliyokusudiwa kwa watu wa majumbani. Majumbani haikupata sifa, kwa kuwa besi yake ilikuwa haba na sauti zake za kati zilikuwa kali. Mafundi wa studio waliichagua kwa sababu hizo hizo. Katika sauti za kati ndimo yalimo maneno ya mwimbaji, na spika iliyozitoa wazi bila huruma iliwalazimu kuzishughulikia mpaka zikae sawa. Wimbo uliosikika vizuri kwenye NS-10 uliweza kutegemewa kusikika vizuri kwingineko. Ukali wake ulipowachosha masikio, baadhi yao walibandika karatasi ya chooni mbele ya spika ndogo ya juu, na mwaka 1987 Yamaha yenyewe ilitoa toleo la studio lililopunguziwa ukali huo. Utengenezaji wake ulikoma mwaka 2001, lakini koni zile nyeupe bado zinaonekana katika picha za studio za nchi nyingi.

NS-10 ilihitaji amplifaya ya pembeni, na amplifaya mbaya iliweza kuiponza. Spika zinazofaa nyumba ya leo ni zile zenye amplifaya ndani ya sanduku lake. Kampuni mojawapo iliyojijengea jina kwa njia hiyo ni Genelec, iliyoanzishwa mwaka 1978 katika mji wa Iisalmi nchini Ufini, na ambayo spika yake ya kwanza ilitengenezwa kwa mahitaji ya shirika la utangazaji la nchi hiyo. Faida ya utaratibu huu ni kwamba mtengenezaji amekwisha kuoanisha amplifaya na koni. Katika spika nyingi zimo amplifaya mbili, moja kwa koni kubwa ya sauti nene na nyingine kwa spika ndogo ya sauti nyembamba. Mnunuzi hana haja ya kubahatisha. Bei ya Genelec, hata hivyo, si ya mshahara wa koplo, na ni lazima macho yashuke katika rafu za chini.

Swali la kwanza dukani lisiwe bei wala jina, bali ni muziki gani utakaorekodiwa. Mwimbaji wa sauti ya besi katika kwaya hushuka hadi kiasi cha hezi 82, yaani mitetemo 82 kwa sekunde. Waya mnene wa gitaa la besi hushuka hadi hezi 41. Spika ndogo kama Eris 3.5 ya PreSonus, yenye koni ya inchi 3.5, hufika takriban hezi 80. Kwa kwaya, kaswida, hadithi za watoto na matangazo ya harusi, spika hiyo inatosha kwa shida kidogo, nayo katika nchi za nje hupatikana kwa kiasi cha dola 100 hadi 150 kwa jozi, kabla ya kodi na usafiri. Kwa bendi yenye ngoma na gitaa la besi haitoshi, na mwenye kuinunua kwa kazi hiyo atakuwa akikisia gizani.

Hapo ndipo zinapohitajika koni za inchi 5. Yamaha HS5, iliyotoka mwaka 2013 na kurithi koni nyeupe ya dada yake mkubwa, hufika hezi 54. JBL 305P MkII, iliyotoka mwaka 2018, hufika hezi 43. Hizi huuzwa moja moja, jambo ambalo limewaingiza wengi hasarani, maana bei iliyoandikwa ni ya spika moja na kazi inahitaji mbili. Ya JBL kwa kawaida ni rahisi kuliko ya Yamaha. Inchi 8 ni za chumba kikubwa. Katika chumba cha kota zitaleta ngurumo tu, na mwenye kuzinunua atakuwa amelipia besi asiyoweza kuipima.

Wati zisimpumbaze mtu. HS5 ina wati 70 na 305P MkII ina wati 82, na sikio haliwezi kuitambua tofauti hiyo. Kuongeza wati mara mbili huongeza sauti kwa desibeli 3 tu, badiliko dogo ambalo sikio hulitambua kwa kusikiliza kwa makini. Isitoshe, msikilizaji wa monita hukaa umbali wa mita 1 hivi. Hapigi muziki wa uwanjani.

Baada ya kununua, chumba ndicho kinachoamua, na hapa familia inaweza kuokoa fedha nyingi kuliko mahali pengine popote. Sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Sauti nene hazielekei mbele peke yake, bali huzunguka spika, hugonga ukuta wa nyuma na kurudi. Koni ikiwa mita 1 kutoka ukutani, sauti ya hezi 85 inayorudi hukutana na ile ya mbele zikiwa zimepishana, moja ikipanda na nyingine ikishuka, zikafutana. Hezi 85 ziko jirani kabisa na noti ya chini ya mwimbaji wetu wa besi. Mzee wa watu anaimba kwa nguvu zake zote, maikrofoni imemnasa, na bado aketiye mbele ya spika hamsikii. Atamwongezea sauti bila sababu, na katika redio ya jirani mzee huyo atawafunika wenzake wote.

Dawa yake haina gharama. Spika isogezwe karibu na ukuta, ukibaki upana wa kiganja au viwili ili tundu la hewa lililo nyuma ya HS5 na 305P lisizibwe. Kule kufutana kutahamia kwenye sauti za juu zaidi, ambazo blanketi zito au godoro lililosimamishwa huweza kuzimeza. Ukaribu wa ukuta huzidisha besi, na kwa ajili hiyo HS5 ina swichi nyuma ya kuipunguza kwa desibeli 2 au 4. Kona ya chumba iepukwe kabisa. Spika mbili na kichwa cha msikilizaji vifanye pembetatu yenye pande sawa, spika ndogo za juu zikiwa usawa wa masikio. Matofali mawili na kipande cha sponji chini ya kila spika vitafanya kazi ya stendi ya dukani. Nguo zilizojaa kabatini na mkeka mnene sakafuni navyo husaidia kupunguza mwangwi; chumba cha kulala, kwa kweli, ni studio bora kuliko sebule yenye sakafu tupu.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji, nalo linawahusu wasomaji wa ukurasa huu kuliko watu wengine. Mlio wa bunduki huzidi desibeli 140 karibu na sikio la mpigaji, na masikio yaliyoumizwa na milio hiyo hupoteza kwanza sauti zilizo karibu na hezi 4,000, ambamo zimo herufi kama "s" na "f". Askari aliyekaa miaka mingi uwanja wa shabaha anaweza kuona kwamba wimbo umefifia, akauongezea makali hadi watoto wazibe masikio. Spika bora duniani haiwezi kumsahihisha. Inafaa mke, au binti mwenye masikio mazima, asikilize kila wimbo kabla haujatoka, na neno lake likubaliwe. Kwa kulinda masikio yaliyosalia, wataalamu wa afya kazini huhesabu desibeli 85 kuwa kikomo cha saa 8 kwa siku, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo hupungua kwa nusu. Nyumbani kazi hufanyika vizuri kwa sauti ya mazungumzo ya watu wawili, na kuta nyembamba za kota hazitamletea jirani kero. Usiku zitumike hedifoni, lakini uamuzi wa besi ungoje asubuhi.

Umeme nao utazamwe. Spika zilizoletwa kutoka Marekani hutumia volti 120, na umeme wa Afrika Mashariki ni volti 230 hadi 240. Baadhi ya spika zina swichi ya kuchagua, nyingine hukubali volti zote zenyewe, na nyingine haziwezi kabisa. Maandishi yaliyo karibu na tundu la plagi yasomwe kabla ya kuchomeka, siyo baada ya moshi. Mahali ambapo umeme hupanda na kushuka, stabilaiza itangulie kununuliwa. Katika kuwasha, kompyuta iwe ya kwanza na spika za mwisho. Katika kuzima, spika ndizo zitangulie, ili koni zisipate ule mshindo unaozichosha. Bajeti iache nafasi ya kisanduku cha kuunganisha sauti na kompyuta pamoja na waya mbili nzuri zenye nyuzi tatu ndani, zinazozuia mvumo wa umeme. Wapo waliomaliza mkopo wote wa chama kwenye spika, zikakaa wiki tatu mezani zikingoja waya.

Kwa wanaonunua zilizokwisha kutumika, jaribio moja la dukani linafaa kuliko maneno ya muuzaji. Zipigwe spika zote mbili kwa pamoja, zikitoa sauti ya mtu mmoja anayesoma habari, na mnunuzi akae katikati. Sauti hiyo inapaswa kusikika mbele yake, pale ambapo hakuna spika. Ikivutwa upande mmoja, spika moja imechoka au vitasa vyake havikulingana. Ikitawanyika isijulikane itokako, waya za mojawapo zimegeuzwa. Kisha izibwe sauti yote na sikio lisogezwe karibu na kila koni: mnong'ono mdogo ni wa kawaida, lakini mkwaruzo au mvumo mzito ni sababu ya kurudisha fedha mfukoni. Akiridhika, mnunuzi adai risiti na sanduku la awali, na asilitupe sanduku hilo, kwa kuwa siku ya uhamisho spika hizo zitapanda lori pamoja na vitanda na masufuria.